Vidonge kwenye Turubai

Wanaume wa steji ya bodaboda pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, walimwita Mama Kondomu, naye Gorret aliitika. Mwanamke aliyeteremka kutoka milima ya Mahango akaja kusimama sokoni na kipaza sauti, akiwatajia vijana mambo ambayo mama zao huyanong'ona, akianza kununa kwa jina la utani hatafika mbali. Kazi hiyo aliianza baada ya kumzika mdogo wake, na aliifanya kwa hasira, kama mtu anayefukuza nyani shambani.

Kitu kimoja tu kilimchoma: ule msemo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kila msichana alipoambukizwa virusi vya ukimwi, watu wazima wa Bwera mjini waliusema, kisha wakaendelea kunywa chai. Gorret aliuchukia msemo huo, na jibu lake alikuwa nalo. Jibu hilo lilikuwa Consolée.

Consolée alikimbia vita vya Beni, na sasa, msichana wa miaka ishirini, alibeba mizigo kichwani akivuka mto wa mpakani, Lhubiriha, kwa njia za panya. Tajiri aliyempa mizigo ng'ambo alidai na mwili wake pia, na wa kumkataza hakuwepo. Basi Gorret akampeleka zahanati, akapewa vidonge vya kinga, vile anavyomeza mtu mzima wa afya ili asiambukizwe. Kimoja kila siku, bila kuruka.

Kikopo cha vidonge ndicho kilicholeta balaa. Kilifanana na cha wale wanaoishi na virusi, na kililia chaka-chaka kila alipokigusa. Mwenye nyumba alikisikia, akaanza kumwambia ahame.

"Toa yote kwa mukebe," Gorret alimshauri. "Funga na kaveera ya nailoni, weka kwa kiuno. Nani atasikia?"

Wasichana wengine wa mtoni, ambao walikuwa wameogopa kelele za kikopo, nao wakakubali kumeza wakifunga dawa kwenye nailoni viunoni. Mfundishane, Gorret aliwaambia. Gorret akaanza kuamini kwamba safari hii ameshinda.

Siku Consolée alipopimwa tena, nesi Atuhaire alirudia kipimo kwa kifaa kingine kabla ya kuja kwenye benchi walipokaa. Virusi vilikuwepo.

"Uliacha kumeza," alisema.

"Miye? Ata siku moya sikuruka. Uliza yaya Gorret." Consolée alimwita hivyo, dada mkubwa.

Gorret alimwamini. Akamwomba afungue pindo la kitenge. Nailoni ilikuwa imetoboka, na vidonge vilivyobaki vilikuwa vimepauka na kuvimba, vingine vimeshikana.

"Hii ilikuwa namna gani?" Gorret aliuliza.

"Mvua ikinyesha ku mulima, mayi ya mto inafika ku kifua. Dawa inalowana. Lakini siitupi, yaya! Naanika ku turubai pamoja na mihogo, juwa inakausha muzuri, kisha nameza."

Nesi aliinamisha kichwa. Dawa hiyo haipatani na maji, alisema. Ikilowa inaharibika, na jua haliirudishii nguvu. Kisha akaanza kueleza habari za dawa nyingine, zile ambazo Consolée angemeza sasa maisha yake yote.

Nani wa kumlaumu? Huko kila kilicholowa huanikwa: maharage, kahawa, hata unga. Hakuna mtu anayetupa chakula kwa sababu ya mvua. Gorret mwenyewe alipita kando ya turubai zile kila asubuhi akisalimia, macho yake juu. Alifundisha yote, akausahau mto. Maji yakimwagika hayazoleki, na alilia palepale mbele ya watu, bila kuficha uso. Sikio hili lilikuwa limesikia dawa, neno kwa neno.

Halafu wazo jingine likamjia, na machozi yakakatika.

"Consolée, kuanika dawa, nani mwingine anajua?"

Binti, ambaye habari yake mwenyewe ilikuwa bado haijamwingia, aliinua uso kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Bote ba ku mto, yaya. Ni miye niliwafundisha. Si ulisema tufundishane?"