142857 na Watoto wa Mangina

Madamu wa hesabu ametutoka. Habari ilinikuta sokoni Kimemi, nikakasirika kabla ya kulia, maana aliyeniletea aliongeza papo hapo kwamba sasa darasa lake la watoto waliokimbia vita litafungwa. Lifungwe na nani? Wasomaji wangu mnanijua, sina subira na watu wanaozika kazi pamoja na mwenye kazi.

Alifundisha Mangina, akakimbia na wanafunzi wake hadi Beni, kisha huku Butembo, ambako shule moja iliwapa chumba cha mchana. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi humo kumhoji siku mkuu wa shule alipoingia kusema kwamba watoto wa mwaka wa sita warudie wa tano. Kuhamahama kumewavuruga, alisema, mtihani wa mwisho hawatauweza. Madamu hakubishana. Aliandika ubaoni 142857, akazipa tarakimu yale majina ambayo nyumba zetu za Kinande huwapa wavulana kwa zamu ya kuzaliwa: moja ni Mumbere, nne Kambale, mbili Kasereka, nane Kakule, tano Katembo, saba Mbusa. Wasichana walinuna kwamba dada zao hawamo. Akawaambia wao ndio wa kuzidisha. Wakazidisha kwa mbili, ikatoka 285714. Kasereka ametangulia, Mumbere yuko nyuma, lakini Kambale bado anamfuata Mumbere, na Katembo bado anamfuata Kakule. Kwa tatu, nne, tano, sita, ikawa vilevile. Walihama wote, na hakuna aliyeachana na nduguye.

Mkuu akasema wajaribu saba. Nadhani alilijua jibu. Ikatoka 999999.

“Unaona, Madamu? Bote bamepotea.”

“Hapana kupotea,” alijibu. “Batoto, mugawe kwa saba.”

Wakagawa, na ndugu sita wakarudi ubaoni, Mumbere mbele, Mbusa nyuma. Hapo ndipo Madamu alipomgeukia mkuu.

“Hawa banabakia mwaka wa sita, Mukubwa. Kama hautaki, kuya ubatoshe wewe mwenyewe.”

Hakuwatoa. Walifanya mtihani pamoja na wenzao, na wengi wakafaulu.

Nchi hii imezoea kumtazama aliyehama kama mtu aliyepungua. Anaanza upya kila afikapo, anapangwa nyuma, anasemewa, na akidai nafasi yake anaitwa mkaidi. Basi Madamu alikuwa mkaidi, na mimi namlilia kwa ukaidi huohuo. Tulipomfukia, nakiri, niliona tisa tupu mbele yangu.

Leo nimepita pale shuleni nikitarajia kufuli. Msichana mmoja wa darasa lile, sasa naye ni mwalimu, alikuwa ubaoni na chaki. Nilimuuliza nani amemruhusu.

“Ruhusa ya nini, papa? Tunagawa kwa saba, tunaendelea.”

Watoto walikuwa wameshaketi, kila mmoja mahali pake. Anayetaka kulifunga darasa hilo aje, atatukuta.