Mke wa Babu Ana Miaka Minane

Kilichonimalizia subira ni mkungu wa ndizi. Ilikuwa Jumapili, kijijini Ijumbi, tumetoka ibadani, tuko uwanjani kwenye mnada wa mavuno ya waumini. Kipaza sauti alikishika mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa tu watu wanapokezana kumpa pole. Akauinua mkungu, akamtazama binti yangu aliyekuwa ameng'ang'ania sketi yangu.

"Huu siuzi!" akasema. "Nampelekea mke wangu yule pale, maana leo kaninunia."

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Binti yangu akajikojolea.

Nikaenda mbele nikamnyang'anya kipaza sauti. "Mke wako ana miaka minane," nikasema. "Tena Jumamosi unafunga mlango ukiwa naye ndani."

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Jamani, huyu wa Kaagya huko kwao hawataniani?"

Tunataniana, sana tu. Nilipokuwa mdogo huko Kaagya, kabla ya kuolewa huku Ijumbi, babu yangu aliniita omukazi wange, mke wangu, kila asubuhi, nami nikamjibu kwamba siolewi na mwanamume asiye na meno, kisha nikakimbilia kwenye mibuni huku bibi anacheka jikoni. Ndivyo babu na mjukuu wanavyocheza kwetu Wahaya. Ila mchezo wenyewe ni wa uani, watu wote wanaona, na babu yangu alikuwa babu yangu kweli. Mwalimu huyu hakuwa babu wa mtu yeyote nyumbani kwetu. Alijifanya babu wa mabinti wa usharika mzima, na sisi tukampa cheo hicho bila hata kumdai barua ya maombi. Nami nilikuwamo. Mara ya kwanza alipomwita mwanangu mke wake, nilicheka na kumwambia mtoto, "Mwitikie mumeo." Hilo nitakufa nalo.

Sifa zake zilikuwa nyingi mno. Alisimamia ujenzi wa vyoo vya kanisa. Alisuluhisha wenye ndoa mbovu. Jumamosi alifundisha watoto hesabu nyumbani kwake, bure, na kwa vile wengi wao walikuwa wasichana tulisema mzee anajali elimu ya mtoto wa kike. Nusu ya kijiji alikuwa amewafundisha kusoma na kuandika, akiwemo mume wangu, kwa hiyo hata barua ya kumlalamikia wangeiandika kwa mwandiko wake.

Alhamisi kabla ya mnada nilikuwa namenya ndizi, binti yangu akaniambia hataki tena kwenda hesabu. Nikamwita mvivu. Akasema, "Mama, mimi sitaki kuwa mke wa babu. Akifunga mlango ananishika." Akanionyesha wapi. Hapa sitaji, panapostahili alieleza mwenyewe.

Ijumaa nikamweleza mama mkwe. Aliendelea kupepeta maharage.

"Mkwe wangu, mzee yule anapenda watoto."

"Mama, anafunga mlango."

"Labda kuku wanaingia ndani."

Kumbe nilimsingizia mtu anayejikinga na kuku!

Mama mkwe hakuyaweka moyoni: Jumamosi wakaja wazee wawili wa kanisa, wamevaa makoti. Walileta kahawa ya kutafuna, ile kavu iliyofungwa kwenye jani la mgomba, maana kwetu mkishatafuna pamoja mmeelewana. Mmoja akasema, "Binti yetu, mtoto amekosea kutafsiri utani. Tafuna, yaishe."

"Mtoto wa miaka minane ndiye mkalimani?" nikauliza. "Mlimuuliza mwalimu kama anafunga mlango?"

Mwenzake akadakia, "Tungeanzaje kumuuliza mtu mzima jambo kama hilo?"

Sikutafuna. Waliitafuna wenyewe, wakaelewana wao kwa wao, wakaaga. Kesho yake ndipo ukainuliwa ule mkungu.

Baada ya mnada nikampigia mume wangu, aliyekuwa kisiwani Bumbire kwenye uvuvi. Mtandao ulikatika mara mbili. Nikamweleza yote hadi mwisho.

"Mwalimu ndiye aliyeniingiza sekondari," akasema.

"Najua."

"Mtoto kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

"Basi usinisubiri. Nenda."

Jumatatu asubuhi nikaenda na binti yangu mjini Muleba, kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Njiani aliniuliza kama babu atatukasirikia. Nikamwambia atakasirika sana, na wengine pia, na hilo si kosa lake. Askari wa kike alimpa kiti kwanza yeye, kisha mimi. Akauliza, "Mlalamikiwa ana uhusiano gani na mtoto?"

Kijiji kizima kingejibu: babu.

"Hana," nikasema.

Akasema naweza kuandika maelezo yangu mwenyewe. Nikachukua kalamu. Mimi kuandika nilifundishwa Kaagya.

"Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike wa miaka minane. Namlalamikia mwalimu mstaafu aliyetajwa hapo juu kwa kufunga mlango akiwa ndani na mtoto wangu siku za Jumamosi na kumshika kama mtoto alivyoeleza. Alimkataza kusema, kwa madai kwamba mke hatoi siri za mumewe. Mtoto wangu si mke wa mtu. Naomba neno utani lisiandikwe popote katika jalada hili. Naomba pia waulizwe watoto wote waliosoma hesabu nyumbani kwake. Waulizwe mmoja mmoja, na wazazi wakae nje, kwa sababu wazazi watacheka."