Kumi na Moja, Haya!

Saa mbili kasoro robo asubuhi, chumba cha usajili wa wagonjwa kimejaa mpaka mlangoni. Wamo makarani wanne, wauguzi wawili waliokuja "kuchungulia tu", na mfagizi aliyesahau ghafla kwamba ana korido nzima inamsubiri. Katikati yao, juu ya stuli ya mbao aliyoibeba mwenyewe kutoka nyumbani, ameketi mwanamke wa miaka hamsini na mmoja. Ameikalia mikono yake yote miwili.

"Nisipoikalia, itaonyesha kidole," anasema. "Na nikionyesha kidole, hapo hakuna jaribio tena."

Anaitwa Mama Dirisha. Kazi yake ni kuunda programu za kompyuta, na hasa vile vidirisha vinavyochomoza katikati ya kioo kukuuliza jina, umri, unaumwa nini. Vyake vina kitufe kimoja chenye neno "Zaidi". Ukikibonyeza, kidirisha kinakunjuka kuelekea chini na kutoa maswali yaliyokuwa yamefichwa. Ukikibonyeza tena, kinajikunja.

Leo kidirisha chake kipya kinajaribiwa na karani mkuu, ambaye hospitali nzima inamwita Bi Usajili. Mkuu wa kumbukumbu amesimama pembeni na kalamu yake, na masharti ameyatoa mapema: wagonjwa watatu waandikishwe bila Mama Dirisha kufungua mdomo. Akipotea hata mmoja, hospitali inaleta programu nyingine, na hii iliyowahudumia miaka ishirini na miwili inazimwa mwisho wa mwezi.

Kukunja alijifunza kwa mama yake, mshonaji wa sare za shule.

"Kila gauni mama aliliachia pindo la vidole vinne," anakumbuka. "Mtoto akirefuka unafumua, gauni linashuka. Mimi nilivaa gauni moja kutoka darasa la tatu mpaka la sita. Wenzangu walikuwa wakihesabu alama za pindo kwenye gauni langu wakajua niko darasa la ngapi!"

Walikuwa watoto sita, vyumba viwili, cherehani moja. Alipoanza masomo ya kompyuta alitembea saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Darasani kulikuwa na kompyuta moja kwa wanafunzi kumi na wanne, kila mtu dakika ishirini kwa wiki. Siku zilizobaki alichukua karatasi ambazo mama yake alikatia vipimo, akazichorea vidirisha, akazikunja na kuzikunjua mezani.

"Mama aliniuliza, 'Mwanangu, hilo ni gauni la nani?' Nikamwambia ni la kompyuta. Akanitazama, akasema, 'Basi liachie pindo.'"

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa hapa hapa. Bi Usajili anazikumbuka kompyuta za siku hizo, zile zenye tumbo kubwa kwa nyuma.

"Tulizifunika vitambaa vya kufuma, mwenzangu, kama watoto wasije wakapigwa na baridi! Jioni tunaziaga."

Wiki tatu baada ya kuiweka programu kwenye kompyuta zao, Mama Dirisha alikuja kuwasalimia. Akiwa bado koridoni akasikia sauti za wanawake wakihesabu kwa pamoja: nane, tisa, kumi, kumi na moja, haya! Akadhani wanacheza. Kumbe kidirisha kilipokunjuka kilikuwa kirefu kuliko vioo vyao, na kitufe cha "Hifadhi" kilizama chini kisionekane. Yeye alikuwa amekijaribu nyumbani kwenye kioo kikubwa cha kuazima. Makarani hawakulalamika. Waligundua wenyewe kwamba ukianza kwenye jina, ukabonyeza Tab, kile kitufe cha kurukia kisanduku kinachofuata, mara kumi na moja, unakuwa juu ya kitufe usichokiona. Halafu Enter.

"Nililia chooni," anasema. "Watu wazima wanahifadhi wagonjwa kwa kupapasa, na mimi ndiye niliyewazimia taa."

Siku hiyo hiyo alikirekebisha. Tangu hapo hakuna kidirisha kinachotoka mkononi mwake kabla hajabeba stuli, akakaa nyuma ya mtumiaji, akakalia mikono. Lakini Bi Usajili hakuacha kuhesabu.

"Niache kwa nini?" anauliza. "Vidole vinahesabu, macho yangu yanabaki kwa mgonjwa."

Mgonjwa wa kwanza leo ni mzee mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Bi Usajili anamtazama usoni, anaandika, anabonyeza "Zaidi". Kidirisha kinakunjuka taratibu. Mfagizi anaguna kwa kuridhika. Bi Usajili anamaliza kujaza, anarudi kwenye jina, na vidole vinaanza safari yao. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Enter.

Visanduku vyote vinabaki vitupu.

Mama Dirisha anafumba macho. Amejua. Kwenye kidirisha kipya ameondoa kisanduku kimoja, cha sanduku la posta, kwa kuwa hakuna anayekijaza siku hizi. "Hifadhi" imesogea hatua moja nyuma, ikawa ya kumi. Ya kumi na moja sasa ni "Futa".

"Amepotea mmoja," mkuu wa kumbukumbu anasema, na kalamu inashuka kwenye karatasi.

"Nani kapotea?" Bi Usajili anageuka na kiti chake. "Mzee wangu, umepotea?"

"Nipo, mama," mzee anajibu. "Mkono tu ndio unauma."

Chumba kinaangua kicheko. Mkuu anajikaza, anashindwa, anacheka naye. "Haya. Tutarudia saa nne, baada ya chai. Moja tu likiharibika, nimemaliza."

Mama Dirisha anafungua kompyuta yake ya mkononi palepale. Kisanduku kimoja lazima kirudi ili "Hifadhi" iwe tena ya kumi na moja, lakini kiulize nini?

"Weka 'Mtaani anaitwaje'," anasema Bi Usajili. "Ndugu wanakuja hapa wanamtafuta Mzee Kifimbo, sisi tunazo karatasi za jina la ubatizo. Tunazunguka wodi zote!"

"Na mimi naitwa Kifimbo," mzee anasema. "Nani kakwambia?"

Saa nne na dakika ishirini, mzee, kijana wa baiskeli na mama mwenye mapacha wote wameingia salama. Kalamu ya mkuu imerudi mfukoni. Bi Usajili anastaafu baada ya miezi mitatu, na huenda baada yake hatahesabu mtu.

"Kumi na moja itabaki kumi na moja," anasema Mama Dirisha. "Hata akikaa pale mtu asiyejua kwa nini." Mwakani anataka kuipeleka stuli yake kwenye zahanati ndogo tisa za pembezoni, akae nyuma ya kila karani kabla ya kuandika chochote.

Anajaribu kuinuka. Mikono imekufa ganzi.

"Kaa, nikuandikishe," Bi Usajili anamwambia, macho kwake, vidole kwenye vitufe. "Mtaani unaitwaje?"

"We bibi wewe, hunijui?"

"Jibu swali. Foleni ndefu."