Mafuta ya Magoti ya Mama

Magoti yalimsumbua sana mama, basi kila alasiri nilimkanda kwa mafuta yaliyotolewa kwenye transfoma kuukuu ya umeme, ili aweze kusujudu. Mtaa wetu mzima wa Ndia Kuu uliyasifu kuwa ni dawa.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, maafisa wa serikali na wanawake wa mtaa walipita nyumba kwa nyumba wakiyakusanya mafuta hayo. Walisema ni sumu, ikishaingia mwilini haitoki. Nilimletea afisa mmoja chupa yangu. Kabla ya kuigusa, alivaa glavu mbili mbili.

"Mlikuwa wapi siku zote?" nilimfokea. "Mimi nilimpaka mama kwa mikono mitupu!"

Na mikono ndiyo hii, ambayo mama aliishika kila nilipomaliza, akaiombea dua.