Mstari Kwenye Paji la Bonareri

Bonareri, mchuma chai wa Kericho, hakujua kuacha jambo lipite hivi hivi. Alitaka kujua kwa nini jani changa lina vinyweleo na kwa nini karani wa mzani hukata kilo siku ya mvua. Maswali yake yalichosha watu, lakini mwaka 1994 ndiyo yaliyomwokoa.

Aliteleza kwenye mteremko wa shamba, kisogo kikagonga jiwe, na kichwa kikakataa kuacha kuuma. Hospitalini, kijana wa eksirei alimwonyesha mstari uliotoka juu ya pua hadi utosini. Alisema ni ufa, akampa picha aende nayo.

Habari zilifika Kisii, na mama yake, Mellen, akaja mbio. Kwao ufa wa kichwa una fundi wake, omobari, anayepasua ngozi na kukwangua mfupa mpaka ufa uishe. Mellen mwenyewe alikwanguliwa akiwa msichana. Paji lake lilikuwa na bonde la kuenea kidole gumba, naye alilionyesha kwa fahari. Akapanga safari ya kwa omobari hata kabla ya kuvua leso.

Bonareri aliogopa sana, ila swali lilimsumbua kuliko woga. Aliinua picha dirishani. Jiwe lilimpiga nyuma, mbona ufa uwe mbele? Tena mstari wenyewe ulikuwa na vimeno, kama zipu ya sweta.

Kuuliza si ujinga. Akarudi hospitalini, na safari hii akampata Daktari Kimutai, aliyeitazama picha kwa muda.

"Hii si ufa, mama," alimwambia. "Sisi wote tunazaliwa na paji ya vipande viwili, halafu zinaungana tukiwa wadogo. Kwa watu wachache haziungani mpaka uzee. Wewe ulizaliwa hivyo. Na mara nyingine hii kitu iko kwa familia."

Maumivu yangeisha yenyewe, akasema. Bonareri alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama kikapu kitupu. Mellen alikuwa akisonga ugali wa wimbi, na Bonareri akamsimulia yote, isipokuwa lile neno la familia. Macho yake yakatua kwenye lile bonde.

"Mama, wewe ulianguka wapi?"

Mellen akasimamisha mwiko. "Mimi sikuanguka. Kichwa ilikuwa inauma tu. Wakafungua, wakapata ufa."

Bonareri akaelewa: walichokwangua ni mstari kama wake, wa kuzaliwa nao. Kwa mara ya kwanza hakuuliza zaidi. Alimpokea mama yake mwiko, akaendelea kusonga.