Redio na Mrija wa Pili wa Fundi Viatu

Fundi viatu amelala chali, miguu juu ya viegemeo, kuanzia kiunoni kushuka chini hasikii kitu. Kichwani pake ameketi muuguzi wa ganzi, kofia yake ya maua, na anaongea.

"Shemeji, kiatu kikipasuka hapa kidoleni, unashona au unatia gundi?"

"Inategemea na mwenyewe. Cha mtu kama wewe, asiyetulia, ninashona."

Wenzake wanamwita Redio. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ni kumshika mgonjwa aliye macho: mapigo ya moyo, pumzi na hofu. Mikono inafanya yake, mdomo nao yake.

Leo hofu ni nyingi. Mwaka jana, katika hospitali nyingine, fundi alipitishwa kamera kwenye njia ya mkojo mpaka figo ya kushoto, jiwe likakosekana. Akaambiwa limeshatoka lenyewe. Maumivu hayakupata habari hizo. Yaliendelea kumkunja, na nyumbani mama mkwe akatangaza kwamba mkwe wake anaumwa uvivu.

"Wasipoliona leo, sirudi tena," fundi anamnong'oneza Redio. "Nitaishi na jina langu la mvivu."

Lakini figo haina subira hiyo. Picha mpya zinaonyesha sehemu yake ya juu imevimba kwa mkojo uliozibwa, na ikiachwa itakufa. Zimefichua na jambo jingine. Figo za watu wengi huteremsha mkojo kwa mrija mmoja mmoja. Hii ya fundi ina miwili, kila mmoja na tundu lake kwenye kibofu. Waliotangulia waliingia tundu moja, wakakuta njia tupu, wakafunga kazi.

Daktari anatafuta la pili. Kwenye skrini kibofu kinaonekana cha waridi, kimejaa mikunjo, na mkunjo wowote unaweza kulificha. Wakati huo Redio amefika patamu katika kisa cha jirani yake aliyemvizia mumewe nyuma ya pazia, akapitiwa na usingizi, akakoroma. Fundi anaangua kicheko. Skrini nzima inacheza.

"Redio, zima," daktari anasema bila kugeuka.

Anazima. Chumba kinakuwa kimya, na hofu inapata nafasi. Mabega ya fundi yanatetemeka, picha inacheza kuliko mwanzo.

"Haya, washa. Ila usimchekeshe."

Kwa Redio hiyo ni adhabu. Kwa sauti ya mtu anayesoma kumbukumbu za kikao anaanza kueleza shuka la wodini linavyokunjwa, pembe kwa pembe. Fundi anatulia. Macho yanalegea. Pale chini, ndani ya mkunjo, tundu linaonekana, na waya mwembamba unateleza kuingia. Kamera inaufuata. Pale mrija unapobana, jiwe la kahawia limejikalia kama mpangaji aliyegoma kuhama.

"Shemeji, tazama kule."

Fundi anatazama. Machozi yanamshukia masikioni. "Kumbe lipo kweli."

"Lipo. Tena lina sura mbaya."

Mwale wa leza unalivunja, na vipande vinavutwa kwa kikapu kidogo cha waya. Baadaye Redio anatoka navyo kwenye kichupa mpaka barazani, alikoketi mama mkwe. Mama anakiinua kwenye mwanga, anakitikisa.

"Vidogo hivi?"

"Mama, vilikuwa jiwe moja, na njia yenyewe haizidi mrija wa kalamu."

Mama anamrudishia kichupa kwa mikono miwili. Halafu anauliza, taratibu, "Sasa anaruhusiwa kula nini?"

Fundi atarudi baada ya wiki chache kutolewa kijirija laini cha plastiki kilichoachwa ndani kulinda njia. Amepanga kufungua tena meza yake ya viatu kabla ya shule kufunguliwa.

Redio naye anastaafu mwakani, na ana wasichana wawili anaowafundisha kukaa kichwani pa mgonjwa.

"Mmoja ana mikono mizuri ajabu," anasema, "ila ni mkimya mpaka mgonjwa anadhani ameshakufa. Lakini ninaye mwaka mzima. Ataongea tu."