Maji ya Msafiri

Chwii! Kimya. Halafu tena, chwii! Tone la maji juu ya kaa la moto. Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo jikoni damu inanichemka.

Nilikuwa mtumishi wa bwana mmoja mpima ardhi. Kila kiangazi alikuja Ifakara na mkewe, wakaishi kwenye nyumba ya magurudumu iliyovutwa na lori. Masika ikikaribia, kabla bonde halijajaa maji, waliiegesha kwenye mwinuko nyuma ya ghala la mpunga, wakarudi zao Morogoro. Ndani mlikuwa na tangi la maji moto, la bati, na jiko la kuni chini yake. Kulilaza lile tangi, yaani kulikausha kabla ya masika, ilikuwa kazi yangu, na niliipenda. Unangoja lipoe. Unafungua koki ya chini na kizibo cha juu ili hewa iingie, maji yatoke yote. Unasuuza kwa maji ya ndimu kubandua ukoko mweupe, unasuuza tena, unaliacha wazi likauke. Maji yakilala humo masika nzima, kutu inakula bati.

Mwaka ule memsabu aliniahidi, "Nikirudi nikalikuta zima, nitakuchukua Morogoro ukajifunze cherehani."

Mimi, niliyeishia darasa la nne! Nikalilaza tangi vizuri, kisha nikaenda shambani Mchombe kufukuza ndege kwenye mpunga wetu, na huko, huku napiga debe, nilishashona magauni kumi kichwani, moja lina mifuko miwili. Ufunguo nilimwachia shangazi yangu, aliyekuwa akifagia mle ndani.

Kiangazi wakarudi. Mpishi wao akakuta tangi limejaa, akadhani nimejaza mimi, akawasha kuni. Chwii! Bwana akafungua koki: maji mekundu kama udongo wa kichuguu. Kutu ilishalila bati la chini, na moto ukalitoboa.

"Hukumwaga," akasema.

"Nilimwaga, bwana. Na ndimu nilitia."

Mpishi akacheka. "Labda ulimwaga ndotoni! Huyu, bwana, fagio liko hapa, akili yake iko Morogoro."

Memsabu hakunitazama hata. "Basi, safari hakuna," akasema, akaingia ndani.

Hakuna aliyeuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Hakuna! Shangazi alikuwa pale pale, fagio mkononi, akitazama miguu yake.

Njiani kurudi nyumbani ndipo aliposema. "Mwanangu, ni mimi. Nilikuta koki wazi, ndani kukavu. Nikafunga, nikajaza."

"Kwa nini, shangazi?"

"Nyumba ya msafiri inaachwaje kavu?"

Nikaelewa. Kwetu mtu akisafiri anawekewa chungu cha maji kwa jina lake, na hakiachwi kupungua mpaka arudi. Kuyamwaga ni kumwambia asirudi tena. Baba alipokwenda kwenye mkonge, shangazi alimjazia chungu chake misimu miwili.

"Lakini lile ni bati, shangazi! Chungu kinaota kutu?"

"Nilidhani umesahau. Nikasema, mtoto huyu, atawapoteza watu wake."

"Na pale mbele yao, mbona ulinyamaza?"

"Wangenifukuza. Wadogo zako wangekula nini?"

Nilimwacha hapo njiani, nikarudi mbio nikaseme kila kitu. Nilifika kwenye ghala. Nikawaona wadogo zangu wale, watoto wa shangazi, wakiokota chenga za mchele mlangoni. Nikageuka. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Angenifanyia kwa chuki ningejua la kumfanya. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi yake yamenilia cherehani yangu! Na bwana na memsabu, miaka miwili nawachotea maji ya kuoga, neno langu likashindwa na kicheko cha mpishi.

Kiangazi kikaisha. Lori likaivuta ile nyumba mpaka nyuma ya ghala, wao wakaondoka. Tangi walikuwa wameliziba tundu kwa risasi iliyoyeyushwa. Safari hii bwana mwenyewe ndiye aliyelimwaga.

Jumapili nikaona chungu kipya nyuma ya mlango wetu, kimejaa hadi shingoni.

"Cha nani?"

"Cha bwana na memsabu," shangazi akajibu, akijifunga kitambaa kichwani. "Wakirudi, huenda moyo wao umelainika."

Akaenda kanisani na watoto. Nikasema tumbo linauma, nikabaki. Nikakitoa chungu nje, nikakiinamisha taratibu kwenye shina la mpapai mpaka tone la mwisho. Kisha nikakifudikiza juani, kikauke.